Pea ya Pili

Tangu asubuhi Theodosia alikuwa akiimba, na mtaa mzima wa maduka ya spea pale Kasulu ulijua sababu. Jumapili wakwe walikuwa wanakuja. Wazee wa Elie Ndayikunda wangetoka Kibondo kuja kushika lango la nyumba ya mama yake, gufata irembo kama wasemavyo wenyewe kwa Kirundi, na kuanzia hapo yeyote ambaye angemtupia Theodosia jicho angejua anamtupia mke wa mtu. Kwa msichana aliyemzika kaka yake mwaka uliopita, kuimba dukani si jambo dogo. Majirani walimsikia, wakatabasamu, wakamwacha.

Elie aliingia akikung'uta tope jekundu kwenye viatu. Alikuwa amevaa koti la jinzi lililofungwa mpaka kidevuni, maana baridi ya Kasulu mvua ikishanyesha haina adabu.

"Nimekuja kama mteja," alisema. "Leo usinionee aibu."

"Mteja husalimia kwanza."

"Shikamoo, mwenye duka."

"Wee, nani kakwambia mimi bibi yako?"

Wakacheka, kisha kicheko kikaisha na macho yakabaki. Jamani, kuna watu wanajua kutazama. Elie alimtazama Theodosia kuanzia kilemba mpaka mikono iliyojaa grisi, taratibu, kama mtu aliyefika nyumbani na hana haraka ya kukaa. Theodosia akainamisha uso, akajifanya anatafuta kitambaa cha kujifutia. Miaka miwili wamependana na bado jicho la yule kijana lilimfanya asahau alikuwa anafanya nini.

Wenzao huanza na maua na salamu za simu. Hawa walianza na ubishi wa beringi. Elie alikuja siku hiyo kununua, Theodosia akamwambia ile aliyoishika ni feki na asiinunue. Elie akabisha, Theodosia akabisha zaidi, na mwisho yule kijana akarudi kesho yake bila shida yoyote ya gari. Akarudi na kesho kutwa. Moses, kaka yake Theodosia, ndiye aliyekuwa mwenye duka wakati ule, na ndiye aliyewaambia waache kuharibu beringi za watu, wapendane tu kama watu wazima.

Moses alimpenda Elie kuliko hata Theodosia alivyompenda, ukitaka kusema kweli. Elie alikuwa dereva wa mbio. Kila msimu vijana wa Kibondo walikodi uwanja wa zamani wa ndege nje ya mji, wakapanga matairi kuweka kona, na watu wakaja kutoka Kakonko na Kasulu kutazama magari yakizunguka kwa kasi ya kufa mtu. Moses alikaa kiti cha kushoto, akimsomea Elie kona. Na siku ile ya mwaka jana alikuwa kiti cha kushoto.

Gari lilikuwa na diski za breki zenye matobo. Elie alizipenda kwa kuwa zilimeta, zimetobolewa vitundu kama kichujio, na kila kijana aliyeziona kupitia rimu alipiga mluzi. Kwa barabara ya kawaida hazina ubaya. Lakini kwenye mbio diski hupata moto mpaka ikawa nyekundu, ikapoa, ikapata moto tena, na ufa huanza kwenye kitundu kimoja ukatafuta kitundu cha pili. Diski ya mbele kushoto ilikatika kwenye kona ya mwisho. Gari likaenda kwenye gema la udongo kwa upande wa Moses. Elie alitoka na kovu kwenye nyusi. Moses hakutoka.

Ndugu walisema Elie asikanyage tena nyumba ile. Baba mdogo Reverien alisema zaidi ya hayo, maneno ambayo hata mlevi huyaomba radhi asubuhi. Aliyewanyamazisha ni mama mwenyewe, Mama Moses, mwanamke mdogo wa umbo aliyelea watoto wake Mtabila, wakati kambi ile ya wakimbizi wa Burundi bado ina watu, na akaolewa na dereva mmoja, Mha wa Kasulu, akamzika naye pia. Siku ya kumaliza matanga alitoa chungu cha pombe ya ndizi, akachomeka mirija miwili. Mmoja akaushika yeye, wa pili akampa Elie mbele ya ukoo. Kwao, ukinywa chungu kimoja na mama uliyemsababishia msiba, yameisha, hakuna wa kukugusa. Lakini kabla hajainama kunywa, alitaka neno. Hakulitaka kwa Kiswahili, alilitaka kwa lugha aliyozaliwa nayo.

Mama akamwambia ahagarare katika mbio za magari, yaani asimame. Elie akajibu machozi yakimtoka, "Nzohagarara, mama." Nitasimama. Akaomba kitu kimoja tu, mbio moja ya mwisho pale pale Kibondo, aage uwanja na amuage Moses. Mama akafikiri kwa muda mrefu, akakubali, wakanywa. Ndipo hata habari ya posa ikaweza kutajwa katika nyumba ile.

Mbio hiyo ya mwisho ilikuwa Jumamosi hii. Posa, Jumapili.

"Haya mteja, unataka nini?" Theodosia aliuliza.

"Diski za mbele. Na safari hii unichagulie wewe."

Neno hilo lilimwingia Theodosia moyoni, si siri. Mwanamume anayekuja kwako akuambie umchagulie kitu kitakachomshikia roho yake amekupa kila kitu. Alisogeza ngazi, akashusha maboksi, akayapanga juu ya kaunta. Kwanza akamtolea diski za kawaida, zile ambazo wenye teksi huchukua. Akamwambia ni nzuri, chuma si kibaya, kwa siku moja ya mbio zitamfikisha mradi asizichoshe, azungushe mara chache kisha atoke azipoze. Ukishamaliza Jumamosi yako, alimwambia, zinakufaa barabarani mpaka uzichoke.

Elie aliinua moja, akaipima mkononi, akairudisha.

"Nyepesi."

"Za siku moja. Unataka za nini nyingine?"

"Nionyeshe zile nzito."

Theodosia hakuona kitu hapo. Alifurahi hata, kwamba mtu wake amejifunza uoga. Alikwenda nyuma ya duka akarudi na boksi lililomtoa jasho, akalifungua. Hizi zilikuja kwa oda kutoka Dar. Usoni hazina tobo hata moja. Nene, sahani mbili za chuma zenye nafasi ya hewa katikati, na juu yake mifereji michache iliyopinda ya kutoa vumbi la pedi. Aliitundika moja kwenye kidole kupitia tundu la katikati, akaigonga kwa spana. Ikalia kama kengele ya kanisa dogo, mlio mrefu, safi. Diski yenye ufa haiimbi hivyo, hukohoa tu.

Wakasikiliza wote wawili mpaka mlio ukaisha. Nyuso zao zilikuwa karibu. Elie alinong'ona kwamba Moses angeipenda, na Theodosia akaitikia kwa kichwa. Akamshika kovu la kwenye nyusi kwa kidole chenye grisi. Elie akafumba macho.

Laiti wangeishia hapo. Lakini sikio la kufa halisikii dawa, na mdomo wa mtu ndio unaomchongea.

"Hizi zinakaa muda gani?" Elie aliuliza, macho bado kayafumba.

"Barabarani utazeeka nazo."

"Sizungumzii barabarani. Kwenye mbio. Msimu mzima zinamaliza?"

"Ukizitunza, zinamaliza." Theodosia alijibu kama muuza duka, kwa mazoea. Kidole chake kilikuwa bado juu ya kovu.

"Basi nipe pea mbili. Moja nifunge, moja iwe akiba."

Theodosia aliondoa mkono wake. Akafuta kaunta mahali pasipokuwa na uchafu. Gari moja halivai pea mbili. Na mbio moja haimalizi hata pea moja.

"Elie," alisema. "Pea ya pili ya nini?"

Yule kijana akafumbua macho. Uso ulimbadilika, ukawa wa mtu aliyekanyaga ngazi asiyoiona. Alianza na habari ya bei kupanda, akaiacha. Akaanza na habari ya barabara mbovu, akaiacha hiyo pia. Walipendana mno hata wasiweze kudanganyana vizuri.

Ndipo akasema. Kuna bwana mmoja wa Dar mwenye timu. Alimwona mwaka juzi, akamfuata kwa simu tangu mwezi wa pili. Jumamosi anakuja Kibondo kumtazama, na akiridhika anamchukua msimu mzima, Morogoro, Iringa, Tanga, gari la watu, mafundi wa watu. Alisema nafasi ya namna hiyo haigongi mlango mara mbili katika wilaya kama za kwao. Alisema alitaka kumwambia baada ya posa, mambo yakishatulia.

"Baada ya posa," Theodosia alirudia. "Nikishakuwa wako."

"Nilijua ungekasirika."

"Ulimwahidi mama yangu. Mmekunywa naye chungu kimoja."

Elie aliinamisha kichwa. Na hapo, ndugu zangu, alisema neno ambalo hata adui yake asingemwombea alitamke.

"Nilisema nitasimama, Dosia. Nilisema nzohagarara. Sikusema nitaacha. Gari linasimama, halafu linaondoka."

Theodosia alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya beringi hakuona yule mtu anayemjua. Kwa lugha ya mama yake, kusimama na kukoma ni neno lile lile, na Elie alilijua hilo vizuri, alinyonya lugha hiyo hiyo. Maana yake ni kwamba siku ile ya matanga, akilia, akiwa ameshika mrija, alikuwa tayari amejiachia mlango wa nyuma. Au pengine hakuwa nao siku ile na aliuchimba baadaye, simu za Dar zilipoanza. Theodosia alitaka sana iwe hivyo. Lakini haikupunguza kitu.

"Yule mama hajui Kiswahili cha kuvizia," alisema polepole. "Alikuomba kwa lugha ya kwao kwa sababu alidhani humo hamna mahali pa kujificha."

"Mimi nafanya hivi kwa ajili ya Moses. Yeye ndiye alikuwa anataka tufike huko."

"Usimtie Moses mdomoni mwako."

Alisema kwa sauti ya chini, lakini Elie alirudi nyuma hatua. Nje bodaboda zilipita zikirusha tope. Mteja mmoja alichungulia, akaona nyuso, akaondoka bila kuuliza alichokuja kuuliza.

Elie alianza kulia. Alilia kama wanaume wanaolia mara chache, bila ufundi, pua na macho pamoja. Alisema akikaa nje ya gari anamsikia Moses usiku na mchana akimsomea kona ile ya mwisho, na mahali pekee sauti ile inaponyamaza ni ndani ya gari, kwenye kasi. Alisema amejaribu kuacha. Mwezi mzima aliliacha gari chini ya turubai, akawa anakwenda shambani na baba yake kama watu wengine, na alikuwa anakonda. Alisema hakutaka kumdanganya mama, alitaka tu vyote viwili.

Theodosia alimsikiliza, na moyo wake ulikuwa unapasuka, maana alimwamini. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Angekuwa mwongo wa kawaida, angemfukuza, akamtukana, akaponea hapo. Lakini huyu alikuwa anampenda, na alikuwa anakwenda.

Akawaza jambo ambalo wauza spea hawaruhusiwi kuwaza. Angeweza kumnyima zile nzito. Angeweza kusema zimeshaagizwa na mtu, achukue za teksi, zile za siku moja. Akizichosha Jumamosi mbele ya bwana wa Dar, zikaanza kulainika na gari lisishike kona, asingechaguliwa. Angerudi. Jumapili angekaa uani kwao na wazee wake, na mambo yangekwenda. Lilikuwa wazo dogo tu, likapita kama kuku sebuleni, lakini lilimtisha Theodosia. Diski zikichoka kwenye kasi hazichagui kama zitamnyima mtu ushindi au uhai.

Akasukuma zile za teksi pembeni. Akapanga maboksi mawili ya diski nzito mbele ya Elie, moja kulia, moja kushoto.

"Nisikilize vizuri," alisema. "Hili la kwanza utalichukua kwa vyovyote, sitaki uingie uwanjani na kitu kingine. La pili ni juu yako. Ukiliacha hapa, Jumapili nitavaa kitenge nilichoshona, nitakungoja mlangoni. Ukilichukua, lichukue, sitakunyima. Lakini wazee wako wasije."

"Usinifanyie hivi."

"Mimi sijafanya kitu. Nimeweka tu juu ya meza kile ulichokuwa umeficha."

Elie akalibeba boksi la kwanza, akatoka nalo kwenye manyunyu. Theodosia alisikia buti la gari likifunguliwa, likafungwa. Alisikia mlango wa dereva ukifunguliwa. Alishika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili na akamwomba Mungu kwa maneno ambayo hata yeye hakuyaelewa, Kiha na Kiswahili vimechanganyika, kwamba gari lile liwashwe. Liwashwe tu, liondoke, boksi la pili libaki pale lilipo.

Gari halikuwashwa. Mlango ulifungwa, na viatu vikarudi kwenye tope.

Aliingia bila kuinua macho. Alikumbatia boksi la pili kifuani kama mtu anayebeba mtoto wa wenyewe. Alipofika mlangoni ndipo akageuka, akafungua mdomo, na Theodosia akamwahi kabla hajaomba msamaha, kwa kuwa msamaha ule asingeuweza.

"Mwambie fundi Saady azifunge na pedi mpya," alisema. "Ukitoka kwake usikimbie. Zizoeshe. Kimbiza kidogo, kamata breki bila kusimama kabisa, achia, rudia hivyo mara kadhaa, kisha ziache zipoe. Na ukimaliza mbio usiegeshe na mguu juu ya breki. Zungusha pole pole kwanza. Na usikubali mtu azimwagie maji."

"Dosia."

"Nenda, Elie. Mvua inaongezeka."

Alikwenda. Sauti ya gari lake ilisikika mpaka kwenye mteremko, ikapungua, ikaisha. Theodosia alizirudisha diski za teksi kwenye rafu, akakosea mahali pake, akazitoa akazirudisha tena. Halafu akafunga duka mchana kweupe, kitu ambacho majirani hawakuwahi kuona tangu msiba. Hakuna aliyemuuliza. Mama mmoja wa genge la jirani alimwambia tu, ihangane, bila kujua avumilie nini.

Nyumbani alimkuta mama yake uani, amefukua ndizi za pombe kwenye shimo lake, anazimenya na kuzitupa ndani ya mtumbwi wa mti tayari kwa kukamuliwa. Ndizi nyingi, za kunywesha koo mbili. Harufu tamu ilijaa mpaka barabarani. Mikono ya Mama Moses ilikuwa inanata utomvu hadi kwenye viwiko, na alikuwa amefunga kitenge cha sikukuu juu ya kile cha kazi, kwa furaha tu, kukijaribu.

Alimwona binti yake saa za kazi, akasimamisha kisu.

Theodosia alikaa chini kwenye gogo. Alitaka kuanza na bwana wa Dar, akashindwa. Alitaka kuanza na lile neno, akashindwa, kwa kuwa hakuona namna ya kumwambia mama kwamba neno lake mwenyewe ndilo lililotumiwa kumdanganya. Mwisho alisema tu kwamba Elie alikuja dukani, akachukua diski za msimu mzima na nyingine za akiba, na kwamba amewazuia wazee wa Kibondo wasije.

Mama Moses hakuuliza maana. Mjane wa dereva, mama wa Moses, na mwenye duka la spea ndiye bintiye. Alishajua vya kutosha. Alitazama mtumbwi uliojaa ndizi. Akafungua fundo la kitenge cha sikukuu, akakikunja vizuri, akakiweka mahali pakavu.

"Zile ulizompa," alisema, "ni zile nzuri?"

"Nzuri, mama. Nzito. Hazina matobo."

"Hukumpa zingine kwa hasira?"

"Oya, mama, sikumpa."

Mama Moses aliokota ndizi nyingine, akaanza kuimenya, maana haziwezi kurudi shimoni.

"Umefanya vema," alisema. "Na yeye ana mama."